Daftari la Zahanati na Bili ya Hospitali



Katibu wetu aliponiandikia aliniomba nieleze "kazi yako ile ya Marekani", akaongeza kwamba yeye mwenyewe hajui ni kazi gani. Simlaumu. Nimeifanya kwa zaidi ya miaka 20, na ndugu zangu wa tumbo moja bado hawaijui. Nilipoianza nilimweleza marehemu mama yangu kwamba nakagua "kodi" za hospitali, kwa kuwa jina wanalotumia Wamarekani kwa namba za magonjwa linafanana sana na neno letu hilo. Mama akanijibu kwa mkono wa mpwa wangu: "Mwanangu, kutoza kodi wagonjwa ni dhambi. Tafuta kazi nyingine."

Basi leo nitajaribu kueleza vizuri zaidi kuliko nilivyomweleza mama. Na nitaanzia hapa hapa shuleni, maana kosa langu la kwanza katika kazi hii nililifanya hapa, kabla sijajua kwamba kazi hii ipo duniani.

Wale wa miaka yangu wanaikumbuka zahanati ya shule, chumba kile nyuma ya bwalo chenye benchi moja na ndoo moja ya maji. Mwaka 1981, nikiwa kidato cha tatu, nilikuwa kiranja wa afya. Kazi zangu zilikuwa tatu: kusimamia usafi wa vyoo, kuhesabu vidonge, na kumwandikia mganga daftari la wagonjwa. Daftari lilikuwa na safu tano: tarehe, jina, bweni, ugonjwa na dawa. Foleni ilianza saa kumi na mbili asubuhi, na kengele ya paredi haikumsubiri mtu. Kwa hiyo tulikuwa na njia yetu ya mkato. K ilikuwa kuhara, J ilikuwa jeraha, na M ilikuwa malaria. Kurasa nyingi zilikuwa M tupu kutoka juu mpaka chini, na mbele ya kila M iliandikwa klorokwini, dawa ile chungu iliyotufanya tujikune usiku kucha.

Alikuwapo mwenzetu mmoja aliyekuja kwenye benchi lile mara tano katika muhula mmoja. Alikuwa akikohoa, akitoka jasho usiku, na kaptura yake ilikuwa ikimlegea kila wiki. Mara zote tano niliandika M. Mganga alisema malaria, nami nikaandika, na mara ya nne na ya tano, lazima niseme ukweli, niliandika kabla mganga hajafungua mdomo. Likizo ilipofika baba yake alimpeleka hospitali ya wilaya, wakampima makohozi, wakakuta kifua kikuu. Alipoteza mwaka mzima wa masomo. Mwenzetu huyo yu hai na yumo humu ukumbini. Ameniruhusu niyaseme haya kwa sharti kwamba nisimtaje jina, kwa hiyo nawaomba msigeuze shingo kumtafuta.

Mganga yule hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na hadubini, na alikuwa na wavulana mamia peke yake. Lakini angalieni safari ya ile M. Kila mwisho wa mwezi tulihesabu, tukaandika jumla kwenye karatasi, karatasi ikaenda wilayani. Wilayani wakasoma: shule ile ina malaria, wapelekeeni klorokwini. Ikaletwa klorokwini. Hakuna aliyeleta vikopo vya kupimia makohozi, kwa kuwa hakuna karatasi iliyosema kuna anayekohoa. Walio mbali hawakuwa na macho mengine ila daftari letu.

Ndugu zangu, kazi yangu ya leo ni ile ile, isipokuwa daftari limekuwa kubwa na limeingia ndani ya kompyuta.

Kuna orodha ya magonjwa inayotumika dunia nzima, na kila ugonjwa una namba yake. Mzizi wake ni orodha ya sababu za vifo iliyoandaliwa na Mfaransa Jacques Bertillon na kukubaliwa mwaka 1893 katika mkutano wa wataalamu wa takwimu uliofanyika Chicago. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani lililea orodha hiyo, likaongeza magonjwa yasiyoua pamoja na majeraha. Toleo la kumi lilipitishwa mwaka 1990, na la kumi na moja lilianza rasmi tarehe 1 Januari 2022. Marekani wanatumia toleo la kumi lililopanuliwa kwa mahitaji yao. Walilianza tarehe 1 Oktoba 2015, na siku hiyo namba za magonjwa ziliruka kutoka kama 14,000 hadi kama 70,000. Nakumbuka tulivyopata taabu wiki zile. Watu wazima walikuwa wakitembea na makaratasi ya kukariri kama sisi usiku wa kuamkia mtihani wa kidato cha nne.

Katika orodha hiyo kifua kikuu cha mapafu kilichothibitishwa kwa makohozi ni A15.0. Malaria ambayo aina yake haikubainishwa ni B54. Na iko namba nyingine ninayoipenda kuliko zote: R50.9, yaani homa ambayo chanzo chake hakijabainishwa. Kitabu kizima cha wataalamu wa dunia hakioni aibu kutenga namba ya kusema "bado hatujui". Laiti ningalikuwa na herufi ya namna hiyo mwaka 1981.

Sasa fedha zinaingia wapi? Kule mgonjwa akitoka kwa daktari, hospitali haimdai yeye kwanza. Humdai mwenye bima. Kwa wazee waliotimiza miaka 65 mwenye bima aghalabu ni serikali yenyewe, kwa mpango uitwao Medicare ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Dai lina namba za aina mbili: namba ya ugonjwa, inayosema kwa nini mgonjwa alikuja, na namba ya huduma, inayosema alifanyiwa nini. Mlipaji hakuwapo chumbani. Hakumwona mgonjwa wala daktari. Anaona namba hizo tu, naye hulipa kwa kuziamini.

Mkaguzi hukaa katikati. Huchukua majalada kadhaa, husoma kila neno daktari aliloandika, huweka namba zake mwenyewe bila kutazama zilizopelekwa kwa mlipaji, halafu hulinganisha. Kanuni yetu ya kwanza ni fupi: kisichoandikwa hakikutendeka. Daktari anaweza kuapa kwamba alimpima mgonjwa moyo. Kama jalada halisemi, hakulipwi.

Makosa tunayoyakuta ni ya aina chache, nayo hurudi kila mwaka kama mafua.

La kwanza ni kugeuza jambo la zamani kuwa la leo. Mzee alipata kiharusi miaka sita iliyopita, akapona, leo amekuja kupimwa shinikizo la damu. Mwandishi wa namba akiona neno kiharusi huandika namba ya kiharusi cha sasa hivi, kana kwamba mzee ameanguka pale mlangoni. Kadhalika mama aliyekatwa titi na kupona saratani huandikwa kila mwaka kwamba anayo.

La pili ni kuandika shaka kama hakika. Kule kanuni ya wagonjwa wa nje husema wazi kwamba daktari akiandika "nadhani" au "tuchunguze kama ni", mwandishi asiandike ugonjwa huo. Aandike dalili tu. Wagonjwa waliolazwa wana kanuni nyingine, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa.

La tatu ni kuikweza huduma, dakika kumi zikadaiwa kama arobaini. La nne ni kuipasua kazi moja vipande vitatu ili kila kipande kilipwe peke yake. Na la tano, ambalo watu hawalitegemei, ni kusahau kudai haki yako. Mkaguzi wa kweli huliandika hilo la tano kwa wino ule ule.

Makosa haya yana sheria nyuma yake. Wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, wafanya biashara waliliuzia jeshi bidhaa mbovu na kudai malipo kamili. Mwaka 1863 ikatungwa sheria ya madai ya uongo, na sheria hiyo, iliyotiwa nguvu zaidi mwaka 1986, ndiyo inayotumika leo kwa mahospitali. Anayedai uongo kwa kujua huweza kulipa mara tatu ya hasara, na faini juu yake kwa kila dai. Tena, sheria ya mwaka 2010 inataka hospitali iliyogundua kuwa imelipwa zaidi na Medicare irudishe fedha ndani ya siku 60 tangu itambue. Kukaa kimya baada ya kujua ni kosa jipya.

Sasa niwape visa viwili, kisha niwaachie mwende mkale.

Cha kwanza ni cha dereva wa lori. Jalada lake lililetwa mezani kwangu kwa sababu alikuwa ameandika barua akiomba rekodi yake isahihishwe, haki aliyonayo kila mgonjwa wa kule kwa kanuni zinazotokana na sheria ya mwaka 1996. Nilimpigia simu kumwuliza maswali mawili, naye akanijibu Kiingereza ambacho nilikitambua mara moja. Nikamwuliza, "Kaka, unatoka wapi?" Akasema mashariki ya Kongo. Tukaingia katika Kiswahili, naye akanieleza yote.

Siku moja ya kiangazi kikali alikuwa akisubiri kupakia mzigo, hajala tangu alfajiri, akazirai. Wakamkimbiza hospitali. Daktari aliandika vizuri kabisa: amezirai, tuchunguze kama ni kifafa. Vipimo vyote vikatoka safi. Lakini mwandishi wa namba, ambaye siku hiyo bila shaka alikuwa na rundo refu mbele yake, aliona neno kifafa, akaandika G40.909, yaani kifafa, badala ya R55, yaani kuzirai. Mwaka uliofuata dereva akaenda kupimwa afya kwa ajili ya leseni ya malori makubwa. Mpimaji akaomba rekodi za hospitali, akakuta kifafa. Kanuni za serikali kuu ya kule haziruhusu mwenye kifafa kuendesha lori kati ya majimbo bila kibali maalumu. Akasimamishwa kazi.

Aliniambia, "Ndugu yangu, mimi sina kifafa. Mimi nilikuwa na njaa."

Kulisahihisha jalada kulinichukua asubuhi moja. Nilirudisha namba iliyostahili, nikaandika sababu, na barua zikapelekwa kwa wote waliokuwa wamepokea ile ya kwanza. Lakini kabla barua yake haijafika mezani kwangu alikwisha kaa nyumbani miezi minne, na lori alilokuwa akilipia kwa mkopo lilikwisha chukuliwa. Hakuna kanuni ya kumrudishia lori. Dai lile, kwa taarifa yenu, lilikuwa la fedha kidogo sana. Kwa upande wa malipo kosa hilo lisingemshtua mtu. Tangu siku hiyo nikifundisha vijana wapya huwaambia wasidhani namba hizi ni za fedha tu. Namba hutoka hospitalini ikatembea na mtu, naye hajui kwamba ameibeba.

Kisa cha pili ni kizito kwangu zaidi.

Katika moja ya hospitali nilizofanyia kazi alikuwapo daktari mmoja, mtu mzima, aliyetoka katika nchi moja ya bara letu hili. Wagonjwa walimpenda kupita kiasi. Nilipofika mara ya kwanza na koti jepesi wakati wa theluji, yeye ndiye aliyenipeleka dukani. Watoto wangu walimwita babu. Mwaka mmoja kompyuta ilionyesha kwamba karibu wagonjwa wake wote wa kurudia walidaiwa 99215, ambayo ni ngazi ya juu kabisa ya kumwona mgonjwa kliniki. Ngazi hiyo yataka ugonjwa wenye uamuzi mzito, au dakika 40 na zaidi za kazi ya daktari siku hiyo. Ofisi ikanipa mimi majalada 30 niyakague.

Nilianza kwa hesabu ya darasa la saba. Siku moja aliona wagonjwa 28, na kila jalada liliandikwa dakika 40. Zidisheni. Ni dakika 1,120, yaani saa 18 na dakika 40, bila kula na bila kwenda msalani. Nikasema labda muda umeandikwa kwa makosa lakini maradhi yalikuwa mazito. Nikasoma majalada. Maelezo yalikuwa yamenakiliwa kutoka mgonjwa hadi mgonjwa, neno kwa neno, pamoja na kosa lile lile la tahajia. Katika jalada la mzee mmoja aliyekatwa mguu kwa ajili ya kisukari, iliandikwa kwamba miguu yote miwili imepimwa na mapigo yake ni mazuri.

Niliposoma mstari huo niliondoka mezani nikaenda kusimama dirishani.

Majalada 15 yalidaiwa kupita kiasi. Yaliyokuwa sawa yalikuwa 11. Na manne yalinishangaza: alidai pungufu ya haki yake. Katika manne hayo daktari yule alikaa na wazee walio karibu kufa na watoto wao, kwa muda mrefu, akiwaeleza yanayokuja na kuwauliza wanataka nini. Tangu mwaka 2016 Medicare hulipia mazungumzo hayo kwa namba yake maalumu. Yeye hakuyadai hata senti. Nilipomwuliza baadaye alisema, "Hayo si ya kulipwa."

Kabla sijaandika ripoti yangu, mkubwa mmoja wa ofisi aliniuliza kwa upole kama haingewezekana kuichukua sampuli upya, kwani huenda hii ilikuwa na bahati mbaya. Nilielewa maana yake. Daktari mwenyewe naye alinifuata kwenye maegesho ya magari. Akasema, "Mdogo wangu, katika jengo hili zima tuko watu wawili tu wa kwetu, na wewe ndiye wa kuniletea haya?" Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ingekuwa rahisi. Alinieleza kwamba maneno yale yalikuwa yamewekwa tayari na watu wa kompyuta, yeye hubonyeza mara moja na ukurasa hujaa. Kwamba wagonjwa ni wengi. Kwamba usiku akirudi nyumbani bado ana majalada ya kumalizia. Naliamini kila neno. Ilikuwa kweli kabisa.

Lakini ile M yangu pia ilikuwa na maelezo ya kweli. Foleni ilikuwa ndefu, kengele ilikuwa imelia, na mganga hakuwa na hadubini. Mwenzetu alikohoa mwaka mzima ndani ya maelezo hayo ya kweli. Nikajiuliza: mzee yule mwenye mguu mmoja akipata kidonda katika mguu uliobaki, daktari mwingine akafungua jalada na kusoma kwamba miguu yote miwili ni mizima, atamtibu nani?

Niliandika ripoti. Niliandika yale 15, niliandika yale 11, na yale manne niliyaandika mwanzo kabisa, ukurasa wa kwanza, ili atakayesoma ajue anamsoma mtu wa namna gani. Hospitali ikaleta wakaguzi wa nje, wakapanua uchunguzi, fedha zikarudishwa. Hawakukuta nia ya wizi, naye hakushtakiwa. Maneno yale ya kubonyeza yalifutwa katika kompyuta ya kila daktari, si yake peke yake, maana tulikuta wengi wamekuwa wakifanya hivyo hivyo. Yeye aliendelea na kazi hadi alipostaafu. Mimi hakunialika kwenye sherehe yake, na watoto wangu hawakuwa na babu tena katika mji ule. Naliona hilo kuwa deni nisilojua la kulipa. Lakini nikiulizwa kama ningeandika tena, jibu langu ni ndiyo.

Ndugu Mwenyekiti, najua wapo wanaosema moyoni: hayo ni ya Marekani, yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mfuko wetu wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 ukaanza kazi mwaka 2001. Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Maana yake ni kwamba kazi ya dai na namba, ambayo zamani ilikuwa ya wachache, inaingia katika kila kituo cha afya na kila nyumba. Humu ukumbini naona madaktari, waganga, wahasibu na wajumbe wa bodi za hospitali. Mnajua kuliko mimi kazi ya kujaza vitabu vya MTUHA saa za usiku. Nawaomba mniwie radhi nikisema matatu.

La kwanza kwa wenye hospitali. Dai bovu huumiza pande zote mbili. Likizidishwa, mfuko unatoboka, na mfuko huo ni wa mwalimu wa shule ya msingi anayekatwa mshahara kila mwezi. Likikosewa kwa haraka likakataliwa, hospitali imekwisha toa dawa na haitalipwa, na mwezi ujao rafu ya dawa iko tupu. Mwajirini mwandishi mzuri, mumlipe vizuri. Ni rahisi kuliko dawa.

La pili kwa wakaguzi. Mkaguzi anayejua kukata tu ni sawa na refa anayeona faulo za upande mmoja. Ukikuta kituo kimesahau kudai haki yake, kiambie.

La tatu kwetu sote tulio wagonjwa, au tutakaokuwa. Ukipewa fomu ya bima utie sahihi, isome kwanza. Uliza imeandikwa nini. Kama umepimwa damu mara moja na fomu inasema mara mbili, sema. Sahihi yako ni ushahidi.

Sasa nimalizie hapa shuleni. Jana mchana Mkuu wa Shule alinipeleka kuiona zahanati. Imepakwa rangi, benchi ni mawili, na klorokwini haipo tena. Nchi yetu iliiacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, na dawa mseto ikaingia mwaka 2006. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa, na vipimo vya haraka nimevikuta kabatini. Nilifurahi. Kisha nikaomba kuliona daftari. Ni la kununua dukani, limepigwa mistari kwa rula, na safu zake ni zile zile tano: tarehe, jina, bweni, ugonjwa, dawa. Hakuna safu ya dalili. Hakuna safu ya kipimo. Kijana anayeliandika ni kiranja wa afya wa sasa, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Nilimwuliza huandika nini pale muuguzi anapokuwa hajui. Akanitazama, akasema, "Shikamoo mzee, huwa tunaandika malaria."

Naomba basi chama chetu kikubali jambo dogo. Tuichapishie zahanati daftari lenye safu saba: tarehe, jina, bweni, dalili, kipimo na jibu lake, ugonjwa, dawa. Na chini ya kila ukurasa tuandike kwa herufi kubwa: KAMA HAIJAJULIKANA, ANDIKA HAIJAJULIKANA. Na tuweke kanuni kwamba mwanafunzi akirudi mara ya tatu katika muhula mmoja kwa dalili zile zile, apelekwe hospitali ya wilaya, hata kama kengele imelia. Gharama ya madaftari ya mwaka wa kwanza nitaitoa mimi. Ya hadubini, Ndugu Mwenyekiti, nakuachia wewe na kofia yako uipitishe wakati wa chakula.

Mwenzetu niliyemtaja mwanzo ameniambia jana usiku kwamba atatoa fungu la kwanza. Nilimwuliza kama amenisamehe. Akacheka, akasema alikwisha kunisamehe siku nyingi, ila hajausamehe ule uji wa shule.

Naona wapishi wananitazama kwa jicho baya.